Nusu ya Kinanda

Kama Lewis angepiga simu tu, pengine Wangare angemsamehe. Lakini alikuja mwenyewe mpaka Molo, akaegesha gari mbele ya duka la mbegu za viazi la Wangare, dada yake, akaingia akikagua magunia kama afisa wa kaunti, na kabla hata ya salamu akauliza kisanduku kiko wapi.

"Kisanduku gani?" Wangare alijibu, ingawa alijua.

"Ile ya Baba, sister. Ile ya kuset sound. Nilipelekea Rohan, yule fundi wa Nakuru, keyboard, akabadilisha betri ya ndani, sasa inashika memory. Ukiweka zile sound za Baba mara moja tu, tunasave, zinakaa. Jumamosi kwa memorial yake napiga mwenyewe. Hata sitakusumbua tena."

Kuna watu wanaokutukana wakidhani wanakufanyia hisani, na Lewis alikuwa mwenyekiti wao. Sitakusumbua tena! Kana kwamba miaka yote ile Wangare alikuwa mgonjwa anayesumbuliwa na wageni.

Baba yao, Hiram, alikuwa mtu wa msumeno huko Elburgon siku za kazi, na mtu wa kinanda wikendi. Msumeno ulimla vidole viwili vya mkono wa kushoto Wangare akiwa bado shule ya msingi. Vidole vilivyobaki vilitosha kupiga nyimbo, lakini havikutosha kupiga na kurekebisha sauti kwa wakati mmoja. Na kinanda chenyewe kilikuwa cha wale wahandisi wa zamani walioficha kila kitu nyuma ya kioo kidogo cha maandishi na vitufe vichache. Kutengeneza sauti moja kupitia pale ni kupaka rangi ndani ya nyumba ukiwa nje, kupitia tundu la kufuli. Ndiyo maana kiwanda kiliuza pia kisanduku cha pembeni, programa, chenye safu za vitufe vya kusukuma juu na chini. Unakiunganisha na kinanda kwa waya mmoja wa midi, na lolote unalosukuma pale, kinanda kinatii papo hapo. Hiram alipiga, Wangare akasukuma.

Na kwa kuwa betri ya ndani ilikuwa imekufa kitambo, kinanda kilikuwa hakikumbuki chochote. Ukikizima, kila sauti mliyotengeneza inapotea. Kila arusi, kila matanga, kila harambee, Wangare aliketi kando ya baba yake akazijenga upya moja moja huku wageni wakinywa chai.

Sauti iliyompa Hiram jina kuanzia Elburgon hadi Njoro aliitoa kazini. Gogo likiingia kwenye msumeno, mlio huanza mzito, wa kifuani. Kadiri ubao unavyokaribia kukatika, mlio unapanda, unafunguka, na mwishoni unalia. Hiram aliutaka mlio huo ndani ya nyimbo za kanisa, na baba na binti waliutafuta mpaka wakaupata. Kidole cha Hiram kilikaa kwenye noti moja tu. Kilichopanda na kulia ni mkono wa Wangare ukisukuma kitufe polepole. Akina mama walitoa leso. Sifa zilienda kwa Hiram, na Wangare hakujali, kwa sababu Hiram mwenyewe alimwinamia na kumnong'oneza, "Umewamaliza."

Alipokufa, uncle Maina, mdogo wake, ndiye aliyegawa vitu. Alipofika kwenye kinanda hakufikiria mara mbili. Kinanda kwa kijana, kwa sababu kijana ndiye atakayebaki na jina la boma. Msichana ataolewa aende na vitu kwa watu. Kisha akakiona kisanduku, akakitikisa, akauliza kinafanya nini. Lewis akasema hakina sauti. "Basi apewe Wangare, asiseme hakupata kitu," Maina alisema, na wazee wakacheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu, cha kusukumia chai, lakini Wangare alirudi nacho mpaka Molo.

Sasa Lewis alikuwa amesimama katikati ya duka akimwambia aje aweke sauti, kisha aende zake. Wangare alitaka kumfukuza. Lakini alienda naye Nakuru, kwa ajili ya mama yao tu, kwa sababu tangu mazishi Mama alikuwa akiuliza kila wikendi kama siku ya ukumbusho wataisikia tena "ile ya mbao".

Kinanda kilikuwa sebuleni kwa Lewis, mtaa wa Section 58, kimefunikwa kitambaa cha meza. Wangare aliunganisha waya, akavuta kiti, akaanza. Alianza na ule uzito wa chini, kisha ukwaruzo wa meno ya msumeno, kisha ule ubaridi kidogo wa karakana tupu asubuhi. Lewis alibonyeza noti moja kama alivyoambiwa. Mkono wake mwingine ulishika simu, na simu ilikuwa inarekodi vidole vya dada yake.

"Zima hiyo."

"Ni ya kujikumbusha tu."

"Lewis, zima."

Alizima, akinung'unika. Wangare akaendelea mpaka sauti ikasimama sebuleni humo, nzima, kama mtu aliyeingia bila kubisha. Lewis aliruka kwenye kiti.

"Hapo! Hapo ni Baba kabisa! Usiguse!"

"Bado. Huo ni ubao umekwama katikati. Lazima mlio upande, na haupandi ukihifadhiwa. Ni mkono unaupandisha, wimbo ukiendelea."

"Watu hawatajua, Wangare."

Hilo lilimchoma kuliko yote aliyosema Molo. Kwamba watu hawatajua. Kwamba kilio chote kile, kazi ya mkono wake tangu utotoni, kilikuwa kitu ambacho unaweza kukitoa na watu wakaendelea kula wali. Akamwacha aendelee, kwa sababu alifikiria Mama.

Kwa mkono mwingine Lewis alibonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kioo kikauliza jina la sauti. Akaanza kuchagua herufi moja moja, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo, na Wangare akazisoma zikijipanga: LEWIS 1.

"Hiyo ni nini?"

"Jina tu. Ndio nisipotee nikiitafuta."

"Andika Hiram."

"Baba hatapiga, sister. Ni mimi napiga."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

Aliuliza kwa dhati. Hakuwa anamdhihaki, hakuelewa swali. Na hilo ndilo lililommaliza Wangare. Mtu anayekudharau unaweza kumrudishia. Huyu hakuwa hata amemwona.

Akaweka viganja vyote viwili juu ya kisanduku na kuvivuta vitufe vyote chini, safu kwa safu, mpaka mwisho. Kidole cha Lewis kilikuwa bado kwenye noti. Sauti ikazama, ikawa mkwaruzo, ikawa kimya. Kisha Wangare akanyoosha mkono juu ya mabega ya ndugu yake, akabonyeza kuhifadhi, akakubali. LEWIS 1 ikabaki na jina lake na ukimya mtupu ndani yake.

"Shika," alisema. "Hiyo sasa ni yako kweli."

"Wewe ni wazimu? Memorial ni ya Baba! Utamfanyia mathe hivyo?"

Lewis alijua pa kuchoma: Mama. Wangare alianza kukunja waya, na kwa muda kidogo nusura aketi tena. Lakini hasira ilikuwa imeshapanda, na aliipenda, kwa sababu ilimwambia ukweli kuliko watu wa nyumbani kwao.

"Jumamosi nitakuja na kisanduku. Nitakaa mbele, kando ya kinanda, pale nilikuwa nakaa na Baba. Nitaitengeneza hapo hapo, na hatusave kitu."

"Watu wataniona aje? Kwamba siwezi piga bila msichana kunishikia mashine?"

"Wataona vile iko."

Lewis alimwambia atoke nyumbani kwake. Wangare alikuwa ameshafika mlangoni.

Jumamosi Elburgon ilikuwa na baridi yake ya kawaida. Mahema yalikuwa yamesimamishwa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya Mama, msalaba mpya umefunikwa kitambaa cheupe, na wageni wakizidi kuja. Wangare hakuitwa mbele. Jina lake halikuwa popote kwenye programu ya ibada, ila katika orodha ya watoto wa marehemu. Akaenda jikoni, akavaa aproni, akaketi kumenya viazi na wanawake wengine, kisanduku kikiwa ndani ya kiondo chini ya benchi.

Lewis alianza na sauti ya piano iliyokuja na kinanda kutoka kiwandani. Alipiga vizuri, huwezi kumnyima hilo. Wimbo ulianza ukaisha, watu wakasema amina kama wanavyosema amina kwa tangazo la gari lililozuia njia. Kisha sauti ya Mama ikasikika kutoka kiti cha mbele, nyembamba, bila kipaza sauti: "Na ile ya mbao?"

"Mashine iko na shida kidogo, Mum," Lewis alisema kwenye kipaza sauti.

Haukupita muda uncle Maina akatokea mlangoni mwa jiko, suti imembana, uso umevimba.

"Wangare, toa hicho kisanduku umpatie ndugu yako. Usituaibishe mbele ya wageni."

"Ulinipa wewe, uncle. Mbele ya wazee."

"Nilikupa kwa sababu hakina kazi!"

"Basi mbona umekifuata mpaka jikoni?"

Visu vilisimama. Maina akageuka, akarudi mbele. Baadaye kidogo Lewis alikuja mwenyewe.

"Kuja," alisema.

"Rudi mbele ushike mic. Sema ni nani alikuwa anatengeneza hiyo sauti. Nikisikia kutoka hapa, nitakuja."

"Unataka nipige magoti pia?"

"Magoti ni yako. Mimi nataka ukweli."

Macho ya Lewis yalikuwa mekundu. Alirudi. Wangare alisikia kipaza sauti kikigongwa, kikohozi, kisha sauti ya mtu aliyenyweshwa kwinini: "Ile sound ya mbao... Baba hakuwa anaipiga peke yake. Wangare ndio alikuwa anaitengeneza. Yeye ndio anaijua." Baada ya hapo hakuongeza hata neno la adabu. Ilitosha.

Wangare alipita katikati ya mahema na aproni yake yenye maji ya viazi, kisanduku kifuani. Hakuna aliyecheka. Aliunganisha waya mbele yao wote, akaketi pale alipokuwa akiketi, akaanza kusukuma. Ilichukua muda, na aliiacha ichukue. Wageni walisikia piano ikigeuka, ikiharibika, ikikwaruza, mpaka uzito ule ukatokea na wazee waliowahi kufanya kazi ya mbao wakainua vichwa.

Lewis alipiga. Wangare aliushika ule mlio kutoka chini, akaupandisha taratibu, akaufungua ubeti wa mwisho ulipofika, na ukalia. Mama alifunika uso kwa kanga. Wangare alikuwa amedhani hapo moyo ungetulia. Wapi! Hasira ilikuwa pale pale, ndiyo iliyokuwa ikisukuma kitufe, na labda ndiyo sababu sauti haikuwahi kulia vizuri namna ile hata Hiram akiwa hai.

Makofi yakalipuka. Lewis akainama, kama mtu anayeshukuru, na chini ya makofi hayo kidole chake kikateleza mpaka kwenye kitufe cha kuhifadhi. Kioo kikawaka kikiuliza jina.

Wangare hakumshika mkono. Aliinama kwenye waya wa extension miguuni mwao na kuchomoa plagi. Kioo kikazima. Sauti yote, uzito na meno na kilio, ikapotea, na watu walikuwa bado wanapiga makofi, hawakujua kilichotokea mbele ya macho yao.

Lewis alimgeukia. "Umeiua," alisema.

"Rudieni hiyo!" Mama aliita kutoka mbele, akipangusa macho. "Rudieni!"

"Umemsikia," Wangare alisema, akimpa ndugu yake plagi. "Washa."

Lewis aliishika plagi kwa muda, akiwatazama wageni, akimtazama uncle Maina ambaye sasa alikuwa akichunguza viatu vyake mwenyewe. Kisha akapiga goti kwenye nyasi, kwa kuwa extension ilikuwa chini, akaichomeka. Kinanda kikaamka na piano yake ya kiwandani. Akaketi, mikono mapajani, akangoja. Wangare alivuta kiti karibu, akaanza tena na kitufe cha kwanza, bila haraka ya mtu yeyote.