Mfuko wa Ndakala

Katika commune nzima ya Kisangani hakuna kesi inayonishinda mimi, Nassoro. Nipe kuku aliyepotea, nipe kiatu cha mguu mmoja, nitakuletea mwizi kabla foufou haijapoa. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watoto wa uani, wa parcelle yetu, nao wakaamini, maana mimi nina diplome na wao wengi bado wanang'oka meno.

Mchezo ulikuwa hivi: mimi naiba kitu, naacha alama, wao wanatafuta. Tulisaga makaa yakawa vumbi, tukayanyunyiza juu ya glasi, tukabandua alama za vidole kwa utepe wa scotch. Mvua ikinyesha, tulipima nyayo kwenye matope. Aliyeona kwa macho yake tulimwita témoin, shahidi. Mama yangu alisema afadhali diplome imepata kazi, hata kama ni kazi ya kuchafua glasi zake.

Patricia aliwapita wote. Yeye na mama yake, Mama Pélagie, walitoka Bukavu vita ilipoingia kule, wakapata chumba chetu cha nyuma. Patricia alitatua kesi bila kucheka. Ukimpa bonbon ya ushindi anasema merci, anaitia mfukoni. Mama yake alishinda mlangoni na simu mapajani, imechomekwa kwenye betri hata ikiwa imejaa. Papa Jérémie, baba wa mtoto, alibaki nyuma kufunga nyumba. Alisema atawafuata. Hajapiga simu tangu siku ile. Pale mlangoni hakuna aliyelia. Walifua, walikula, walisema bonjour.

Siku moja Patricia alinijia, akaniita Ya, yaani kaka.

"Ya Nassoro, unafanyaka na kesi ya kweli?"

"Mimi? Hata ya waziri."

"Alors, unitafutie papa."

Alisema kama mtu aliyetumwa kuomba chumvi. Ningepaswa kujibu siwezi. Nilimuuliza papa yake alipenda kuwaletea nini.

"Samaki kidogo kidogo ya ziwa. Mu mfuko mweusi."

Bon. Jumatano nilirudi na mfuko mweusi. Niliwaambia kuna jamaa anayepakua mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, amenipa, amesema unatoka kwa papa Jérémie, halafu akaondoka haraka. Nilitaka mtoto acheke mara moja tu. Mama Pélagie aliufungua, akatazama ndani muda mrefu. Patricia alichukua samaki mmoja, akamnusa, akamvunja kichwa.

"Hii haiko sambaza," alisema. "Ya Bukavu njo sambaza. Hii iko ndakala. Inatokaka Kalemie."

Sisi wa hapa tunakula samaki wa mto. Hawa wadogo wakavu wa maziwa ya mashariki, kwetu wote jina lao ni moja. Sikujua kwamba kila ziwa lina wake: sambaza wa ziwa la Bukavu, ndakala wa ziwa la Kalemie. Nilikuwa bado natafuta utani wa kujiokolea, mtoto akawa amemaliza kazi.

"Donc papa alikimbilia Kalemie."

Kutoka alama kwenda mahali, kutoka mahali kwenda kwa mtu. Nilimfundisha mwenyewe.

Mama Pélagie hakupiga vigelegele. Alichomoa simu, akaingia ndani, akaanza kukunja nguo. Jioni alimwambia mama yangu watapanda lori la Kindu, halafu kule watatafuta njia ya kufika Kalemie.

"Na mutoto?"

"Na mutoto."

"Kule Kalemie unajua nani, dada?"

"Bwana yangu."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikajiambia nitasema asubuhi. Asubuhi nikajiambia mchana. Moyo wangu ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unakanyaga nao, na husikii chini kuna nini.

Jumamosi watoto walikaa kwenye mkeka kutoa ripoti. Somo la wiki hiyo lilikuwa kumfuata mtu mzima mmoja bila kuonekana. Mama Pélagie alikaa karibu yetu, akifunga fundo la mwisho la kitenge chenye vitu vyao. Malika alikuwa amemfuata nyanya yake mpaka msikitini, akalala usingizi huko. Tukamcheka kidogo. Ikafika zamu ya Ismaël, mtoto wa jirani, mdogo kuliko wote.

"Na wewe, inspecteur, ulifuata nani?"

"Wewe."

Wakacheka tena.

"Bon, hiyo haihesabiwi. Tupite kwa mwingine."

"Ulienda ku marché," Ismaël aliendelea, maana nilikuwa nimewakataza kuacha ripoti katikati. "Ulinunua ndakala. Ule mama alikupa mfuko ya bleu, ukakataa. Ukaomba mweusi. Kisha ulirudi hapa na muguu. Bangboka haukufika."

Akaninyooshea kiganja, apewe bonbon yake.

Nilimwambia ana macho mabovu, kama ya mbuzi. Hakuna aliyecheka. Mikono ya Mama Pélagie ilikuwa imesimama juu ya fundo, haifungi, haifungui.

Patricia alimgeukia Ismaël. "Ulimuona na macho yako?"

"Na macho yangu."

"Siku gani?"

"Jumatano."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama anavyofanya anapopanga alama zake. Kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa ule ule wa kila siku.

"Ya Nassoro," alisema, "témoin anadanganya?"