Mlango wa Nasambu

Jumatatu ya kwanza ya Machi, mwaka 1986, Nasambu alitoka bombani na ndoo mbili. Zote mbili ziligonga miimo ya mlango wake, maji yakamwagika. Jotham, mume wake, aliyekuwa seremala, aliupima mlango akakuta umepungua inchi tano.

"Shemeji, umenenepa ama?" aliuliza Yakub, jirani yao.

"Si mimi, bana. Ni mlango imekuwa mbaya."

Nyumba hizo, nje kidogo ya mji wa Kitale, zilikuwa za wafanyakazi wa ghala la mahindi. Nasambu alipepeta na kufagia ndani ya ghala, katika vumbi lililozifanya taa kuwa za manjano mchana kutwa. Kifua cha mkaaji kilipobana, mlango wake ulibana kwa kipimo kile kile. Jambo hilo lilijulikana tangu nyumba zilipojengwa. Mlango wa Yakub ulipungua upana wa kidole, naye akahema kama mtu aliyekuja mbio kutoka Bungoma. Wa Nasambu ulipungua inchi tano, naye hakuhisi lolote.

Jotham alimpeleka mkewe kwa msimamizi, Bwana Kipruto, akamwonyesha kamba aliyopimia. Aliomba Nasambu ahamishiwe langoni, mbali na vumbi.

"Lango nimempa Yakub," alisema Kipruto. "Huyo tunamsikia. Mama, wewe umekosa pumzi?"

"Hapana, mzee. Niko sawa," Nasambu alijibu. Midomo yake ilikuwa ya zambarau. Alikuwa mwanamke mkweli, na hata hapo hakusema uongo.

Kipruto aliagiza mlango urekebishwe, akatoa na mbao. Jotham aliipanua miimo Jumanne, akaipanua tena Alhamisi. Mara zote mbili ilirudi kubana kabla hajamaliza kufagia maranda.

Ijumaa asubuhi Jotham alitoka kuchota maji. Aliporudi, mkono wake haukupenya mlangoni.

"Mama Wekesa, unapumua?" alimwita mkewe aliyekuwa ndani.

"Napumua vizuri, Baba Wekesa. Wewe nunua maziwa, tunywe chai."

Jotham alikimbia kutafuta nyundo ya kubomolea ukuta. Kabla hajarudi, mlango ulikuwa umefunguka wenyewe, kwa upana wake wote wa zamani.

Jeneza lilipita pale bila kugusa mwimo, likapelekwa Kabuchai, nyumbani kwa kina Jotham. Kipruto alihudhuria mazishi, akasimama wakati wa sala. Jumatatu aliandika katika faili kwamba mlango umetengenezwa na uko katika hali nzuri.

Kazi ya kupepeta alipewa Jerop, msichana kutoka Saboti, pamoja na nyumba. Siku ya kwanza aliingia na ndoo mbili, moja kila mkono. Kufikia mwezi wake wa pili kazini alikuwa akiziingiza moja moja. Yakub, aliyekuwa akirudi kutoka langoni, alimuuliza kama anaumwa.

"Mimi? Niko sawa kabisa," alisema Jerop, akageuka ubavu, akaingia.