Kamera ya Gari la Baba

Baba aliendesha malori miaka thelathini na mitano, na mtaani mpaka leo wanamwita Usukani. Alipostaafu alinunua gari dogo jeupe, akalitunza kama mboni ya jicho. Lakini mwaka ule lilianza kupata majeraha: kwanza taa ya nyuma, kisha bampa, kisha nguzo ya geti ikalala upande.

"Geti limejengwa vibaya," alisema Baba. Geti lile alilijenga mwenyewe.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Mama aliponipigia simu akinong'ona, nilinunua kamera ya nyuma, ile inayorusha picha bila waya, nikaenda kwao Jumamosi asubuhi.

"Umekuja kunifundisha kurudi nyuma?" Baba akacheka. "Mimi niliyerudisha trela kwenye kichochoro ambacho hata mbuzi angepiga hodi kwanza?"

"Najua, Baba. Ni ya kukupumzisha shingo tu."

Kamera niliifunga juu ya kibao cha namba, nikaiunga kwenye waya wa taa ya rivasi. Kioo chake cha kuonyesha picha, kipana kama kiganja, nikakibandika kwenye dashibodi. Muda wote huo Baba alikaa kwenye kiti cha dereva akinisimulia safari zake za zamani, mikono yote miwili juu ya usukani.

"Washa, uweke rivasi. Usitoe mguu kwenye breki," nilimwambia. Nikasimama nyuma ya gari. "Unaniona?"

"Nakuona vizuri kabisa! Picha safi, mwanangu. Hata meno nayahesabu."

Nilitia mkono mfukoni kutafuta kitambaa nijifute jasho, nikashika waya wa umeme wa kile kioo. Nilikuwa sijauchomeka. Kioo kilikuwa cheusi tititi.

Nikazunguka taratibu, nikaingia kiti cha pembeni, nikazima gari. Nikainua vidole vitatu mbele ya uso wake.

"Usinifanyie hivyo," alisema kwa sauti ndogo.

"Tangu lini, Baba?"

"La kulia, mwaka juzi. La kushoto linamfuata mwenzake. Daktari anasema nimechelewa."

"Na sokoni mnafikaje?"

"Mama yako hukaa hapo ulipokaa. Ananiambia kushoto, polepole, kuna mtu."

Nilimtazama Mama. Alikuwa mlangoni, kiganja mdomoni. Nikaelewa kwamba hakuniita kwa ajili ya kamera. Alishindwa kumwambia mume wake aache kuendesha, akatafuta wa kumwambia.

"Ungeua mtoto wa watu, Baba."

"Najua. Unadhani nalala?"

Akachomoa ufunguo, akanyoosha mkono kunipa, lakini aliupeleka kando, kwenye hewa tupu. Nikasogeza kiganja changu mpaka chini ya mkono wake. Akauachia. Tulikaa pale, mtu na baba yake, kila mmoja akijifanya hasikii mwenzake akilia.

Mwezi uliofuata mwalimu mmoja wa shule ya jirani alilinunua lile gari, na kamera yake. Baba alikataa kutoka nje kumuaga. Alikaa dirishani akilisikiliza likitoka, likishika barabara, mpaka mlio ukapotea kabisa.

"Gia ya pili kachelewa," alisema. Kisha akamwomba Mama amshike mkono ampeleke kitandani, na ilikuwa bado saa nne asubuhi.