Henzirani wa Kakanda

Marceline alikuwa akitwanga majani makavu kwenye kinu kidogo cha maabara, hapo Likasi, redio ikiimba kwaya. Yalikuwa majani ya henzirani za mwituni, zile ambazo mafundi wa mtaa wa Kikula huziita rotini na kuzifumia viti. Zilitoka msituni karibu na Kakanda. Daktari Rémy, mkuu wa maabara, alitaka kujua kama zinatofautiana au zote ni uzao wa shina moja. Unatoa vinasaba kwenye jani, unavitia alama, vinajipanga mistari kwenye jeli. Pembeni Marceline huweka mate yake mwenyewe, ili kama mkono wake umechafua kazi ionekane mapema.

Alipowasha taa ya buluu, henzirani mmoja aliyeota juu ya shimo lililobomoka alikuwa na nusu ya mistari ya Marceline. Nusu kamili, kama mtoto kwa mamaye.

"Umechafula, mama Glody," Rémy akasema.

Marceline akarudia kwa glavu mpya. Ikatoka vilevile. Rémy akasema njo vile, ndivyo ilivyo, akaenda kula.

Glody, mwanawe wa pekee, alikwenda kuchimba kobalti huko Kakanda na shimo likamfunika yeye na wenzake. Kampuni ya mgodi ilisema hamkuwa na mtu mle, vijana wamekimbilia Zambia. Kwa hiyo matanga hayakukaliwa. Utamlilia vipi mtu aliyeko Zambia?

Marceline akapeleka picha ya jeli kwenye ofisi ya kampuni. Karani, kijana mpole aitwaye Ricky, akaitazama vizuri.

"Njo yeye, mama. Lakini iko anaota majani?"

"Iko anaota."

"Basi iko muzima. Tutasema namna gani alikufa?"

Marceline akalia palepale. Ricky akamletea maji.

Jumapili akaenda Kakanda na bukari, ugali wa kwao, na samaki wa ziwa Tshangalele. Akamfuta Glody vumbi jani kwa jani, miiba ikimchoma. Kina mama wengine walikuwapo, kila mmoja na henzirani wake, wakasalimiana.

Ripoti ya Rémy ilisema utofauti pale ni mkubwa ajabu, hakuna hata wawili wa uzao mmoja. Kampuni ikaitundika mapokezi, watu waone inavyotunza msitu.

Marceline bado anavaa nyeusi. Wakitoka misa, Angèle jirani yake humuuliza, "Glody iko namna gani?"

"Iko muzuri," hujibu. "Iko anakomea, iko anarefuka."