Wiki ya Jumapili Mbili

Mama Kidoti alipoondoka kwenda semina ya wakunga, alimwachia mumewe nyumba, mtoto wa miaka tisa, na maagizo aliyoyatoa mguu mmoja ukiwa ndani na mwingine nje: mapazia ya sebuleni yako kwa dobi, gesi iko mwishoni, na yeye atarudi Jumatano jioni.

"Usiwe na wasiwasi, mke wangu," alisema Baba Kidoti. "Mimi si niko hapa hapa siku nzima?"

Na kweli alikuwa hapo hapo. Kazi yake ilikuwa kufasiri vile vijitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya maboksi ya pasi, feni na majokofu, ambavyo watu huvitupa pamoja na boksi lenyewe. Alikuwa na meza yake kwenye kona kati ya jikoni na sebule, na kwa miaka mitatu alikuwa akitoka kitandani na kufika kazini bila kuvaa viatu. Mwanzoni alikuwa akivaa shati la kola kila asubuhi. Siku hizi alilivaa kukiwa na mkutano tu, na chini akabaki na suruali ya kulalia.

Mtu anayeishi hivyo siku zake huchanganyika kama mboga kwenye chungu kimoja. Wiki ile Jumatatu ilikuwa mapumziko, shule na ofisi zote zimefungwa, na baba na mwana walishinda ndani wakicheza karata na kula mkate kwa chai. Ilikuwa Jumapili tupu, imepungukiwa jina tu. Siku iliyofuata akarudi mezani kwake, mtoto akarudi shule, na kichwani mwa Baba Kidoti wiki ikaanza hapo.

Kwa hiyo asubuhi ya pili yake, Kidoti alipotoka chumbani amevaa bukta, fulana ya kijani na raba, baba yake alishangaa.

"Unakwenda wapi hivyo?"

"Shule, baba. Leo mashindano ya kupokezana vijiti."

"Mashindano si Jumatano?"

"Ndiyo."

"Na leo Jumanne."

Kidoti akasimama. Alikuwa na doa dogo jeusi juu ya mdomo, ndilo lililompa jina, na akifikiri sana huligusa kwa kidole. Akaligusa.

"Jana mwalimu alisema kesho."

"Labda alisema kesho kutwa. Hebu tuhesabu pamoja. Jana ndiyo mmerudi shule, sivyo?"

"Ndiyo."

"Wiki ya shule huanza siku gani?"

"Jumatatu."

"Ikitoka Jumatatu?"

"Jumanne," akasema Kidoti, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa kitu na hajui ni kitu gani.

"Umeona? Haya, kavae sare. Na kesho nitakuja kukuona unakimbia, kama nilivyokuahidi. Nitakaa mbele kabisa."

Mtoto akarudi chumbani, akatoka na sketi na viatu vyeusi. Mlangoni aligeuka kana kwamba ana neno, akalimeza, akaenda zake.

Hakujapita muda, honi ya gari la taka ikalia barabarani. Baba Kidoti akaruka. Gari hilo hupita Jumatano! Akanyakua mfuko wa taka, akautoa mbio na suruali yake ya kulalia, mfuko ukichuruzika maji ya maganda mpaka getini.

"Leo mmewahi," akamwambia mzoa taka huku akihema. "Mngetuambia basi."

Mzoa taka akaupokea mfuko, akamtazama juu mpaka chini.

"Mzee, sisi hatujawahi kuwahi," akasema, akaurusha garini.

Baba Kidoti akarudi ndani akitikisa kichwa. Nchi hii, akawaza, hakuna tena anayefuata ratiba. Akapiga deki yale maji ya maganda, akavaa shati la kola, akafungua kompyuta. Mkutano wa Jumanne ulianza saa nne.

Saa nne ikafika, mtu hakuna. Kwenye kioo alikuwa yeye peke yake, na nyuma yake mlango wa jokofu. Akasema "Halo?" Akakohoa. Akazima, akawasha. Akasogeza kompyuta karibu na dirisha, akidhani mtandao ndio unaomfanyia kiburi. Akangoja, akinyoosha kola kila mara kusudi watakapotokea wamkute yuko sawa. Hakutokea mtu.

Alipokata tamaa akakuta ujumbe wa mhariri wake, mwanamke mpole aliyemgawia kazi siku zote. *Jana tulikungoja kwenye mkutano mpaka tukachoka. Uko salama?*

Akausoma mara mbili. Jana? Hivi mhariri naye ameanza kuchanganyikiwa? Angeweza kutazama kalenda, ilikuwa hapo hapo kwenye kompyuta, lakini nani huuliza kalenda jambo analolijua? Akajibu: *Salama kabisa. Ila jana ilikuwa Jumatatu, na mkutano wetu ni Jumanne. Ndiyo kwanza natoka kukaa humo peke yangu. Naomba siku nyingine tuheshimiane muda.*

Akaona maneno yamekaa vizuri. Akayatuma.

Kwa kuwa mkewe anarudi kesho, kama alivyoamini, alitaka akute mashuka safi. Akayajaza kwenye mashine ya kufulia, akaiwasha, akaweka simu yake juu ya mashine na kurudi kwenye kijitabu alichokuwa akikifasiri. Kwa bahati mbaya au kwa kejeli ya Mungu, kilikuwa kijitabu cha mashine ya kufulia. Alikuwa akitafuta namna nzuri ya kusema kwamba mpira wa kutolea maji lazima uelekezwe kwenye sinki kabla mashine haijawashwa, akaandika, akafuta, akaandika tena, mpaka akahisi soksi zimelowa.

Mpira ulikuwa sakafuni. Yeye mwenyewe ndiye aliyeutoa sinkini alipokuwa akipiga deki. Maji yalikuwa yameshapita jikoni, yanaingia sebuleni bila hodi. Akaenda mbio kuizima mashine, akateleza, akashika meza. Wakati huo huo simu ikaanza kulia. Ilitetemeka juu ya mashine, ikasogea, ikasogea, akainyooshea mkono, ikatumbukia kwenye ndoo ya deki.

Mhariri ndiye aliyekuwa akipiga. Hilo alikuja kulijua baadaye.

Akaitoa ikiwa kimya kama jiwe. Akaizika kwenye bakuli la mchele, maana ndivyo alivyosikia watu wakifanya, akakamua maji kwa taulo mpaka kiuno kikagoma. Akatandaza mashuka yaliyokuwa yakidondoka kwenye viti. Akataka angalau chai. Jiko likatoa ua dogo la bluu, likakoroma, likazimika. Gesi.

Akasimama katikati ya jikoni, soksi mkononi, asijue aanze na lipi. Tangu asubuhi dunia ilikuwa kama nguo iliyovaliwa kinyume. Kila kitu kipo, ila mishono iko nje. Mwisho akaamua kwenda kwa dobi. Mapazia angalau hayalowi wala hayazimiki.

Dobi alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye duka dogo lililojaa mvuke mtaa wa pili. Akamkaribisha kwa vicheko.

"Shemeji! Nikadhani umeyasusa mapazia yako. Mkeo alisema utakuja Jumanne."

"Ndiyo nimekuja."

"Umekuja, lakini Jumatano."

Baba Kidoti akacheka kidogo, kwa adabu. "Leo Jumanne, bwana."

"Leo Jumatano."

"Jumanne. Jana si ndiyo ilikuwa Jumatatu?"

"Jumatatu ilikuwa mapumziko, shemeji. Nilifunga duka. Jana nilifungua, nikakungoja." Dobi akaweka pasi kando. Alikuwa ameacha kucheka. "Unaumwa?"

Baba Kidoti akahesabu kwa vidole kama alivyomhesabisha mtoto asubuhi, akafika kidole cha pili, akakwama. Karata. Mkate kwa chai. Siku ile ya kushinda ndani waliitumia ikaisha, na yeye hakuitia kwenye hesabu.

"Wewe wiki hii umekula Jumapili mbili," dobi akasema, kicheko kikimrudia.

Lakini Baba Kidoti hakuwa akimsikiliza tena. "Mashindano," akasema. Akabeba furushi la mapazia begani akatoka mbio, dobi akimwita nyuma kwamba amesahau kulabu zake.

Shule haikuwa mbali, lakini mtu anayekimbia na mapazia mazito hafiki upesi. Yalifunguka njiani, ncha moja ikaburuta vumbini. Mama mmoja akampisha huku akivuta mtoto wake karibu. Alipofika getini, uwanja ulikuwa mtupu. Chokaa ya mistari ya mbio ilikuwa imeshavurugwa na miguu, na mlinzi alikuwa akikusanya chupa.

Kidoti alikuwa anatoka. Viatu vyeusi kavishika mkononi, sketi imejaa vumbi, goti moja limechubuka. Akamwona baba yake, akayaona mapazia, akasimama.

"Mwanangu," alisema Baba Kidoti. Pumzi hana. "Leo Jumatano."

"Najua, baba."

Wakaanza kutembea.

"Ulikimbia?"

"Na sketi. Nikavua viatu, vinateleza."

"Mkawa wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Wa tatu si haba."

"Tulikuwa timu tatu, baba."

Baba Kidoti akahamisha furushi kwenye bega la pili. Kidoti aliendelea, macho yakiwa njiani.

"Mwalimu aliniuliza kwa nini sina bukta. Nikamwambia leo Jumanne. Akasema Jumatano. Nikamwambia amekosea." Sauti ikaanza kupanda. "Nikamwambia baba yangu anafanya kazi ya maneno, hawezi kukosea siku. Akanionyesha ubaoni, tarehe imeandikwa. Nikasema hata ubao umekosewa. Darasa zima likacheka. Hata rafiki yangu ninayekaa naye."

"Na wewe ulikuwa ukijua ni Jumatano?"

Kidoti akafikiri. "Kwanza nilijua. Ukanihesabisha, nikawa sijui. Halafu wakati wa kukimbia nikakutafuta pale mbele, ndipo nikakumbuka kwamba kwako wewe ni kesho."

Baba Kidoti akasimama katikati ya njia. Akaketi ukingoni mwa mtaro, mapazia mapajani.

"Ulikuwa sawa wewe," akasema. "Tangu asubuhi. Mimi ndiye niliyekosea, tena nikakosea kwa sauti kubwa."

"Sasa kwa nini ulikuwa na uhakika?"

"Sijui, mwanangu. Naona ndivyo kukosea kulivyo. Kwa ndani hakuna tofauti na kuwa sawa."

Kidoti akashika ncha ya pazia iliyokuwa ikiburuta, wakaenda nyumbani wakilibeba wawili.

Mama Kidoti alikuwa amesimama sebuleni, mkoba bado begani, viatu vikiwa kwenye dimbwi. Mashuka yalidondoka kutoka kila kiti. Mkononi alikuwa na bakuli la mchele.

"Nimekupigia tangu asubuhi," akamwambia mumewe. "Sasa niambie, hii simu inapikwa?"

"Haiwezi kupikwa," Baba Kidoti akajibu. "Gesi imeisha."

Mkewe akamtazama, akatazama mapazia yenye vumbi, akatazama goti la mtoto. "Kumetokea nini hapa?"

"Baba alichanganyikiwa kidogo," Kidoti akawahi kusema, kwa utu uzima uliomchoma baba yake kuliko vile vicheko vya darasani alivyosimuliwa.

"Hapana," akasema Baba Kidoti. "Keti, mama Kidoti, kama utapata kiti kikavu. Nitakueleza yote." Akaeleza, bila kuficha, hata jibu alilompa mhariri. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta, lakini habari ilipofika kwenye ubao na darasa akaacha, akamvuta binti yake kifuani.

"Na hilo la shule?" akauliza. "Litaishia hapa?"

Jioni ile Baba Kidoti alimwandikia mhariri msamaha mrefu. Akajibiwa kwa mstari mmoja: *Kesho saa nne. Kesho ni Alhamisi.* Akaomba wakutane saa tano.

Asubuhi akavaa shati la kola na suruali ya kutokea, wakafuatana na Kidoti mpaka mlangoni mwa darasa. Mwalimu, kijana mwenye chaki masikioni na usoni, alimsikiliza, kisha akasema taratibu, "Nilimwambia akae chini, akakataa. Akasema mpaka uitwe wewe. Sikujua nicheke au nimheshimu." Akampisha aingie.

Macho ya watoto wote yakamwangukia. Baba Kidoti aliwahi kufasiri maelfu ya kurasa kwa ajili ya watu asiowaona, lakini mbele ya watoto hawa akajikuta akinyoosha kola.

"Jana ilikuwa Jumatano," akasema. "Mwenzenu alijua. Alivaa bukta na fulana, mimi nikamvua. Mimi ndiye niliyekosea siku, si yeye, na alichokifanya ni kuniamini. Kwa hiyo mkitaka kumcheka mtu, niko hapa."

Hakuna aliyecheka. Nyuma kabisa, mtoto mmoja akanyoosha mkono.

"Na leo ni siku gani?"

Baba Kidoti alikuwa na hakika. Hata hivyo akamtazama mwalimu kwanza. "Alhamisi?"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, na hapo ndipo darasa lilipoangua kicheko, hata rafiki anayekaa na Kidoti. Kidoti mwenyewe alikuwa ameziba uso kwa viganja, mabega yakimtikisika, na baba yake hakuweza kujua kama ni kicheko au aibu. Kisha akaondoa viganja, akaja akamsukuma mgongoni kuelekea mlangoni.

"Basi baba, inatosha," akanong'ona. "Nenda kazini."