Nyama ya Injini

Mke wangu Lukresia alikilaza kijiko kifudifudi juu ya bakuli la uji, taratibu, kama mwenye duka anayeteremsha mlango wa bati kabla ya saa za kufunga. Vijiko vitatu. Nilivihesabu, ingawa nilijifanya natazama dirishani, ambako baridi ya Njombe ilikuwa imekaa juu ya uzio ikisubiri mtu wa kumuuma.

"Nimeshiba, Baba Conjesta."

"Kuku akidonoa hivyo tunamwita bwana mifugo."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa. Mwanamke huyu amecheka utani wangu miaka arobaini na miwili, hata ule uliostahili kofi.

Nimonia ilikuwa imemlaza hospitali wiki tatu, ikamrudisha kwetu, mtaa wa Ramadhani, akiwa mwepesi kiasi kwamba nilipomshusha kwenye gari niligeuka kutazama kama kuna sehemu yake iliyobaki kitini. Priska, mtoto wa dada yangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa akipita kila jioni na mizani yake kwapani. Jumatano hiyo alinivuta jikoni.

"Mjomba, sikufichi. Jumapili nampima tena. Akiwa amepungua, anarudi wodini, na safari hii watamlisha kwa mpira wa puani."

"Atakula."

"Kwa kushiba hadithi zako?"

Nilifungua mdomo nimtungie nyingine, lakini alikuwa ameshafika mlangoni.

Alipoondoka nilirudi chumbani. Lukresia alikuwa amefumba macho, lakini midomo yake ilikuwa ikitafuta neno.

"Kuna kitu kimoja nakitamani," alisema. "Ile nyama yako ya injini."

Yeyote aliyewahi kukaa nami dakika kumi anaijua nyama hiyo. Kwa miaka ishirini na sita niliendesha lori kutoka Makambako hadi Manda, kando ya Ziwa Nyasa: kwenda na sabuni na saruji, kurudi na samaki wakavu. Injini ya lori lile ilikaa ndani, kati ya viti viwili, chini ya kifuniko cha bati kilichokuwa na moto kama tanuri la mikate. Juu ya kifuniko hicho, ndivyo nilivyowaambia watu kanisani, kilabuni na misibani, nilikuwa naweka sufuria ya nyama mbichi ya ng'ombe. Tukiiacha Njombe, inaanza kuimba. Tukifika vilima vya Mawengi, mfupa unaiaga nyama kwa hiari yake. Manda tunafunua, na wavuvi wanaacha samaki mchangani waje kuchovya ugali kwenye mchuzi wangu. Tena mchuzi mzito! Kuna mtumbwi uliotoboka tukauziba kwa mchuzi ule. Ulivuka ng'ambo na kurudi mwaka mzima, ukaja kuzama siku mbwa walipougundua.

Sufuria ilikuwapo. Injini ilikuwapo. Mpishi ndiye hakuwa mimi. Nyama ile ilikuja na Seleman, fundi makenika niliyesafiri naye miaka yote hiyo. Mimi kazi yangu ilikuwa kula na, baadaye, kusimulia.

"Jumamosi," nilimwambia Lukresia. "Utakula mpaka ulambe mfuniko."

Kitu kilipita machoni mwake, upesi, kama mjusi anayekatiza ukutani. Kisha akalala.

Alhamisi nilijaribu kimyakimya. Binti yetu Conjesta alikuwa ametutumia kutoka Dodoma chungu cha umeme kinachopika polepole. Karatasi yake ilisema tia nyama, tia maji, nenda kazini. Mstaafu hana kazi ya kwenda, kwa hiyo nilikaa nikikitazama. Umeme ulikatika mara mbili. Saa kumi nilifunua nikakuta nyama nyeupe kama nyayo za mtu aliyeshinda mtoni, ikielea katika maji ambayo hayakuwa na habari nayo. Nilimpa mbwa. Mbwa alinusa, akanitazama kwa huruma, akaenda kulala.

Ijumaa asubuhi nilimwacha mgonjwa na jirani yetu Teodora, nikapanda gari kwenda Makambako.

Seleman ana duka la vipuri kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori ya kila mkoa hupita yakimpigia honi bila kumjua. Ndevu zake sasa ni nyeupe tupu. Aliponiona hakusimama.

"Karibu, dereva. Umekuja kwa gari au kwa uongo?"

"Kwa gari. Uongo umeniishia."

Akaliweka chini bisibisi lake. Nilimweleza yote: uji, mizani, mpira wa puani, Jumapili. Alisikiliza akitikisa kichwa, akimwombea shemeji yake afya. Lakini nilipomwambia anifundishe ile nyama, alinikodolea macho kama mtu aliyeletewa injini isiyo na pistoni.

"Ashura!" aliita. "Njoo umsikie huyu. Anataka nimfundishe kupika."

Mkewe alichungulia kutoka nyuma, mikono imejaa unga. "Nani, wewe? Shemeji, huyu bwana huunguza hata chai."

Walicheka wote wawili. Seleman ndiye aliyeacha kwanza.

"Poli," alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Sijawahi kuipika nyama ile. Hata siku moja."

"Nani sasa? Injini?"

"Kila tulipopita kwako Ramadhani, wewe ukiingia kuoga, mkeo alikuwa ananipa sufuria kwa mlango wa uani. Imeshakaangwa, imeshachemka, mfuniko umezibwa kwa unga uliokandwa. Hata mchinjaji alinitajia jina, nisije nikala kwa wasiwasi. Mimi nilikuwa naiweka tu pale kati na kuifunika kwa kabuti lako. Injini ikaiivisha polepole mpaka Manda."

"Kwa nini asinipe mimi?"

Seleman alilitazama lori lililokuwa likipita mpaka likaisha.

"Alisema uliwahi kumwambia neno kuhusu mchuzi wake. Mbele ya wajomba zake. Neno la kambare."

Lilinirudia kama deni la mtu mwingine linalogonga mlangoni kwako. Mwaka wa kwanza wa ndoa, wageni wamejaa sebuleni, mdomo wangu umejaa ufundi. Nilikuwa nimeinua bakuli nikasema: mchuzi huu, mtu akitupa ndoano, anavua kambare. Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nilikumbuka wazi walivyocheka. Yeye alifanya nini, sikukumbuka.

"Akaniambia," Seleman aliendelea, "mwambie umepika wewe. Akijua ni mimi, ataanza kutafuta kambare. Na kila tuliporudi, akipokea sufuria tupu, aliniuliza swali hilo hilo moja: Amesemaje?"

"Ukamjibu nini?"

"Ulivyosema. Kwamba hujapata kula kitu kama kile tangu uzaliwe. Halafu ulipoanza kuwaambia watu kwamba unapika wewe, nikampelekea na hiyo. Alicheka, Poli, mpaka akakaa chini kwenye gogo la kuni."

Njia nzima ya kurudi nilitazama mashamba ya chai bila kuyaona. Mtu anayesema uongo kwa miaka mingi hujiona kama mchungaji: watu wote ni kondoo, yeye peke yake ndiye mwenye fimbo. Haimpitii akilini kwamba kuna mtu amekaa juu ya kilima anawatazama wote, kondoo na mchungaji, na anatabasamu. Mara ngapi nilikaa mezani kwangu, nikala chakula cha Lukresia, nikasema, "Si kibaya, lakini ungeonja nyama yangu ya injini"? Na yeye aliinamisha uso. Nilidhani ni unyonge.

Jumamosi nilitoka mapema nikanunua nyama ya muundi, ile yenye mishipa inayohitaji subira, vitunguu, karoti, tangawizi na viazi. Niliburuta kiti cha mikono mpaka baraza la jikoni, penye jua, nikamkalisha Lukresia na kumfunika blanketi mbili. Nikawasha mkaa. Nikasimama mbele yake na mwiko, kama mtu aliyeitwa na kamati ya kanisa.

"Mama Conjesta, injini imegoma. Nielekeze."

"Wewe si ndiye mpishi?"

"Nimesahau."

"Umesahau." Aliliacha neno hilo lipoe kidogo. "Seleman hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu sana."

Akajikohoza, akalivuta blanketi hadi kidevuni, akaitazama nyama badala ya kunitazama mimi.

"Basi ipanguse kwanza. Nyama yenye maji haikaangiki, inalia tu. Sasa ipake unga. Unga kidogo, humziki mtu. Na usiijaze sufuria! Weka vipande vichache, kila kimoja kipate nafasi ya kukasirika."

Nilikaanga mpaka kila kipande kikakasirika. Vitunguu vikafuata kwenye mafuta yale yale, naye akanikataza nisivitoe mpaka vipate rangi ya kabuti langu. Kisha maji ya moto, kidogo kidogo, nikikwangua chini ya sufuria ambako, alisema, ndiko utamu hujificha kwa sababu haupendi makelele. Mvuke ulipanda. Nikachota kijiko nikampelekea.

"Onja chumvi."

"Onja mwenyewe."

"Ulimi wangu umechakaa kwa kusema. Hauaminiki."

Akaonja. "Bado."

Nikatia, nikamrudishia. "Bado." Mara ya tatu akasema imekaribia. Mara ya nne akaomba niweke na kipande cha karoti, aone kama imelainika. Kuanzia kijiko cha tano sikuwa natia kitu chochote; nilikuwa nakoroga tu na kupeleka.

"Baba Conjesta, hujatia chumvi mara mbili hizi."

"Nimetia."

"Hujatia." Lakini alifungua mdomo akapokea cha saba. Alikizungusha mdomoni, akatazama juu kama mtu anayesikiliza mlio wa gari la mbali. "Ongeza unga. Hapo bado mtu anaweza kuvua kambare."

Mwiko ulisimama wenyewe. Kuku walikuwa wakichakura nyuma ya jiko, na niliwasikia wote, mmoja mmoja.

"Lukresia," nilisema. Sikuwa nimemwita kwa jina lake tangu tupate mtoto. "Nilikuwa mpumbavu."

"Ulikuwa kijana." Alitoa mkono mmoja chini ya blanketi akanyoosha kidole. "Koroga, itashika chini."

Nikakoroga. Moshi wa mkaa una faida zake. Mtu akifuta macho, hakuna anayemuuliza.

Ilipochemka vizuri, alinielekeza niuzibe mfuniko kwa unga uliokandwa. Kisha akaniagiza tenga la mianzi, nyasi kavu, na lile kabuti langu la safari lililoning'inia nyuma ya mlango tangu nistaafu. Sufuria ikaingia katikati, kabuti likaikumbatia mpaka shingoni, mikono yake miwili ikafungwa juu.

"Ikae mpaka saa ngapi?"

"Mpaka Manda," alisema.

Ilikuwa saa nne. Barabara ikiwa kavu, lori letu lilitumia saa sita. Nilivuta gogo nikakaa karibu naye.

"Unajua sijawahi kufika Manda?" alisema.

"Miaka yote hiyo?"

"Ulikuwa unarudi na habari zake. Niliona zinatosha."

"Basi panda," nikamwambia, "tuondoke kabla ya mvua."

Niliazimia kumsimulia ukweli, safi, bila kitu. Nikamwambia vumbi lilivyokuwa, pancha tulizoziba, saa tulizosubiri tope likauke. Nilimweleza kona na miteremko. Alivumilia kama robo saa.

"Baba Conjesta."

"Naam."

"Hiyo haina chumvi."

Basi nikatia. Nikamwambia kuhusu ukungu wa Mawengi, mzito hadi tulikuwa tukiukata kwa panga, tunaupanga kwenye lori kama matofali na kuwashushia watu wa Manda, ambao kwa joto lao waliupigania. Nikamwambia bibi mmoja alinunua wa kutosha kumpa mbuzi wake blanketi. Lukresia alianza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, nikainuka nusu, nikakaa. Kikohozi kikageuka tena kicheko. Alilala kidogo tulipopita Ludewa mjini. Alipoamka aliuliza tuko wapi, nikamwambia ziwa limeonekana.

Saa kumi nilifungua mikono ya kabuti. Nilipouvunja unga uliokauka, harufu ilitoka kwanza, peke yake, kama mgeni mwenye heshima anayetangulia wenzake. Mfupa ulikuwa umejitenga. Rojo lilishuka kutoka kwenye mwiko kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa chochote. Nilimwagia juu ya viazi nilivyoponda, nikamwekea sahani mapajani. Mizani aliyoiacha Priska ilikuwa imeegemea ukuta, ikisubiri Jumapili yake.

Alikula. Nami sikuhesabu.

Kichwa cha Teodora kikachomoza juu ya uzio. "Jamani, harufu gani hiyo ya kutesa majirani? Nani kapika?"

Miaka arobaini mdomo wangu umelijibu swali hilo kabla halijaisha. Ulifunguka hata siku ile, kwa mazoea. Nikaufunga, nikamgeukia Lukresia.

Alikuwa akipitisha kipande cha mwisho cha kiazi pembezoni mwa sahani, polepole, akifuatilia rojo kila lilipojaribu kubaki.

"Injini," alimjibu jirani, akanisogezea sahani.