Kopa Nne Nyuma ya Kitenge

Kila Jumapili mchana, pale Bulyaga, fundi Hasheem aliondoa cherehani mezani, akafunga kamba juu ya meza na kuanika kitenge katikati. Upande mmoja alikaa mzee Ambindwile. Upande wa pili alikaa Tulia, mke wa mwanawe. Kwa Wanyakyusa, mkwe na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani, na mila haikutoa maelekezo kwa wanaocheza briji wakiwa timu moja. Basi kitenge kikaamua. Kiliishia shibiri moja juu ya meza, ili karata zipite.

Briji ilifikaje huku? Miaka ishirini Ambindwile alipeleka chai kwenye klabu ya shamba la chai, nyuma ya mabega ya mabwana, akisoma karata zao zote. Akamfundisha Hasheem, aliyewashonea mabwana hao kaptura, na rafiki yake Jotham wa Kinyala, baba yake Tulia. Kisha shamba likauzwa, Ambindwile akapunguzwa kazini. Mitumba ikaingia, kaptura za Hasheem zikakosa wa kuzivaa. Soko huria liliwanyang'anya mengi, ila muda wa kucheza karata liliwapa kwa debe.

Jotham alipofariki, Tulia akarithi kiti chake. Nyumbani alikuwa mkwe, mtu wa kupita nyuma ya nyumba. Pale mezani alikuwa binti wa Jotham. Lakini yeye na mzee walikuwa wameshindwa Jumapili tatu mfululizo, na leo Alawi, mdogo wake Hasheem, alikuja na kigoda chake kabisa.

"Nimekuja kupasha kiti," alisema, akikaa karibu na kiwiko cha Tulia. "Mkifungwa leo, shemeji, unanipisha. Tumeshakubaliana na mzee."

Nyuma ya kitenge Ambindwile alikohoa tu. Kweli walikuwa wamekubaliana.

Tulia alijua ugonjwa ulipo. Briji huanza na mnada: kila mtu kwa zamu hutaja rangi ya karata, kama kopa au uru, na idadi ya mizunguko atakayoila juu ya sita, na anayetaja kikubwa ndiye hucheza. Ambindwile akiingilia mnada wa Hasheem, Tulia alisema "Pasi", hata akiwa na mkono mnono. Baba mkwe ametamka kopa moja. Wewe nani umpandishie? Si kumjibu mkubwa huko? Basi mzee alikula mara kumi, akaandikiwa ya moja, kwa sababu ndiyo iliyotajwa.

Kufika mchezo wa mwisho wakawa sawasawa. Hasheem akagawa, akafungua: "Uru moja."

"Kopa moja," ikasema sauti nyuma ya kitenge.

"Pasi," akasema Nasma, mke wa Hasheem.

Zamu ya Tulia. Alikuwa na kopa nne, mfalme akiwemo, ree ya shupaza, na uru moja tu, mpweke kama mgeni msibani. Alawi alichungulia, akaguna. Tulia akamkumbuka baba yake akimgonga vidole: *Mwenzako akijitosa katikati ya maadui haombi heshima, mwanangu. Anaomba jibu.*

"Pa..." alianza.

"Pasi?" Hasheem akadaka. "Sema tuandike, mama."

"Kopa nne."

Nne maana yake ni kula mara kumi kati ya kumi na tatu. Pungufu ya hapo, kiti ni cha Alawi.

"Nasma," mzee akasema taratibu, "mwambie huyo mama alaze karata zake tuzione."

Nasma akasema, ingawa Tulia alikuwa amesikia. Karata zikalazwa mezani wazi. Kuanzia hapo, kwa kanuni, Ambindwile aliyetangulia kutaja kopa alicheza za pande zote mbili, akiagiza kupitia kwa Nasma.

"Mke wangu amekuwa simu ya maadui," Hasheem alilalamika, "na bili nalipa mimi!"

Uru ya kwanza Hasheem aliila kwa ree. Ya pili ikakatwa na kijikopa cha Tulia. Wakala, wakaliwa, mpaka zikabaki karata mbili kwa kila mmoja. Tulia na mzee wamekula tisa.

"Nasma, aanze pau ndogo."

Hasheem alizitazama zake mbili kama mtu aliyepewa chaguo kati ya matope na mvua. Akaweka ree ya pau, akala, kisha akaleta malkia. Kutoka chini ya kitenge kikateleza kidole kikavu, kikisukuma mfalme wa pau.

Kumi.

"Ndaga fijo," mzee akasema. Hakutaja anamshukuru nani, na Nasma hakuhangaika kufikisha.

Alawi akabeba kigoda chake. "Nitarudi."

"Rudi na chai," Hasheem alimwambia, akinyoosha mkono kwenye kamba. "Jamani, watu wenye jeuri ya kopa nne kitenge cha nini tena? Nikitoe?"

"Kiache!" wakasema wawili, kila mmoja kwa upande wake.